Kompyuta ya upasuaji iliandika nyuzi 126, goniometa inasoma 92: goti la mama lilipimwaje?

Mkinga wa Isanga (Mbeya), swali

Wanajukwaa, heshima kwenu. Naomba msaada wa wanaofahamu vipimo vya mwendo wa goti, kwa sababu kuna karatasi moja ambayo nimeisoma kwa wiki kadhaa na bado sehemu yake kubwa inanipita.

Mama yangu ana miaka 67. Amelima viazi Makete tangu usichana wake, katika mashamba ya mteremko ambako mtu hupanda na jembe na kushuka na gunia, na goti lake la kulia lililika taratibu hadi mguu huo ukawa na tege la wazi. Wiki sita zilizopita alibadilishiwa goti nchini India, na daktari aliyemfanyia alitumia mfumo unaoongozwa na kompyuta. Siku ya kuruhusiwa tulipewa karatasi ya kurasa mbili iliyochapwa na mfumo huo. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba kabla ya mfupa kukatwa goti lilikuwa limebakiza nyuzi 11 kunyooka kabisa, lilikunjika hadi nyuzi 112, na tege lilikuwa nyuzi 9. Baada ya goti bandia kuwekwa, lilinyooka hadi sifuri, lilikunjika hadi nyuzi 126, na tege likabaki nyuzi 1. Ukurasa wa pili una mchoro wa mistari miwili, mmoja wa kabla na mwingine wa baada, unaoonyesha jinsi tege linavyobadilika goti linapokunjwa kidogo kidogo. Mstari wa baada unaanzia nyuzi 1 goti likiwa limenyooka, kisha unapanda hadi nyuzi 5 goti linapofika 90.

Juzi mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mbeya alimpima mama kwa goniometa, kile kifaa cha mkono cha kupimia pembe ya kiungo. Alipata kukunja nyuzi 92, na kunyooka bado kunapungua nyuzi 6.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu mkubwa anaamini kwamba mashine ilikosea, au kwamba tulipewa karatasi ya mgonjwa mwingine. Mjomba anasema mashine haikosei, ila mama hajitumi kwenye mazoezi, na maneno hayo yamemwumiza mama kuliko mazoezi yenyewe. Mimi naomba kujua kompyuta hupimaje goti ndani ya chumba cha upasuaji, kwa nini nambari yake ipishane na ya goniometa kwa nyuzi 34 nzima, na kama ule mstari unaopanda hadi 5 una maana kwamba tege linarudi kila mama anapokunja mguu.

Fundi wa Uyole

Ndugu yangu Mkinga, pole kwa kuuguza. Kazi yangu ni kutunza vifaa tiba, na mifumo ya aina hii nilifundishwa kuisimika na kuihakiki. Nitajibu swali lako la kwanza tu, mengine nitawaachia wenye taaluma yao.

Jambo la kuanza nalo ni kwamba kompyuta hiyo hailioni goti. Inachokiona ni tufe ndogo. Daktari hukaza fremu moja kwenye fupa la paja na nyingine kwenye muundi, kwa pini za chuma zinazoingia ndani ya mfupa, na kila fremu hubeba tufe kadhaa zinazoakisi mwanga wa infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kamera yenye macho mawili husimama hatua chache kutoka kitandani. Kama sisi tunavyoweza kukadiria umbali kwa kuwa tuna macho mawili, kamera hiyo hujua kila tufe iko wapi hewani, kwa kosa lisilofika milimita moja, na hurudia kipimo hicho mara nyingi kwa sekunde. Kwa kuwa fremu imeshikamana na mfupa wenyewe, ngozi na nyama zinapoteleza hazichafui kipimo. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya mfumo huu ukilinganisha na kifaa chochote kinachobandikwa juu ya ngozi.

Hata hivyo, kujua fremu ilipo si sawa na kujua mfupa umekaaje, na hapa ndipo kazi ya mkono wa daktari inapoingia. Kompyuta lazima ifundishwe mifupa ya mgonjwa huyo. Nyonga imefichika ndani ya nyama na haiguswi. Basi daktari hushika mguu mzima na kuuzungusha polepole, na kompyuta huangalia njia inayopitiwa na fremu ya paja. Fikiria mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi kilichofunikwa na majani marefu. Kigingi hukioni, lakini ukitazama duara ambalo mbuzi amelila, utajua kigingi kiko katikati yake. Kompyuta hutafuta kitovu cha nyonga kwa hesabu ya namna hiyo, isipokuwa yenyewe hushughulika na umbo la mpira badala ya duara, na nyonga isipotulia kitandani wakati wa kuzungusha, kigingi nacho huonekana kuhama.

Kifundo cha mguu hupatikana kwa daktari kugusa nundu ya ndani na ya nje kwa kijiti chenye ncha, ambacho nacho kina tufe zake. Kwenye goti lililo wazi hugusa katikati ya mwisho wa fupa la paja, uso wa juu wa muundi, na nundu mbili za pembeni za fupa la paja. Baada ya hapo kompyuta ina mistari miwili: mmoja kutoka kitovu cha nyonga hadi katikati ya goti, mwingine kutoka katikati ya goti hadi kifundo. Pembe baina ya mistari hiyo ikitazamwa kutoka mbele ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yenu kuwa tege. Ikitazamwa kutoka ubavuni, ndiyo kukunja na kunyooka.

Kutokana na hayo, nambari ni sahihi kwa kadiri alama zilivyoguswa mahali pake. Pini ikilegea au fremu ikigongwa katikati ya kazi, skrini itaendelea kuonyesha nambari zilezile safi zenye desimali, ingawa zimekwisha kuachana na mfupa, na ndiyo maana wafanyakazi makini huwa na alama ya kuhakiki ambayo huigusa tena kila baada ya hatua fulani. Nimeona watu wakiiamini desimali kwa sababu tu ni desimali, na jambo hilo hunisumbua sana.

Kuhusu karatasi ya mgonjwa mwingine, mweleze kaka yako alinganishe nambari za kabla na mguu anaoukumbuka. Mguu wenye tege la nyuzi 9 huonekana kwa macho hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara, na goti lililobakiza nyuzi 11 kunyooka humfanya mtu asimame amepinda. Kama mama alikuwa hivyo, karatasi hiyo inamwelezea yeye.

Mwanafizio wa Iringa

Kamwene, ndugu Mkinga. Kabla ya nambari, naomba mfikishie mama shikamoo yangu, na mjomba umwambie kwa heshima kwamba goti lenye nyuzi 92 katika wiki ya sita si ushahidi wa uvivu. Nimewahi kuwahudumia watu wanaofanya mazoezi hadi machozi yakawatoka na bado wakawa hapo.

Nyuzi 126 zilipimwa katika hali ambayo mama hawezi kuirudia akiwa macho. Alikuwa amechomwa ganzi au amelala kabisa, misuli ya paja imelegea, hakuna maumivu, goti halijaanza kuvimba, na aliyelikunja ni daktari kwa mkono wake mwenyewe. Inawezekana pia kwamba kipimo kilichukuliwa kabla kidonda hakijashonwa. Mshono wenyewe hubana. Wiki sita baadaye goti lina uvimbe, kovu linakaza kuanzia ngozi hadi kwenye mfuko wa kiungo, na misuli ya paja hujikaza yenyewe kulilinda goti mara tu linapokaribia kuuma. Tofauti kubwa ya nambari zenu imetoka huko.

Sehemu ndogo inatokana na vifaa. Mimi ninapotumia goniometa, naweka kitovu chake ubavuni mwa goti, mkono mmoja nauelekeza kwenye nundu ya juu ya paja na mwingine kwenye kifundo cha nje, na vyote hivyo navipapasa kupitia nyama. Wataalamu wawili wakimpima mgonjwa mmoja dakika ileile, kupishana kwa nyuzi 5 si jambo la ajabu. Tena mistari yangu haipiti mahali pamoja na mistari ya kompyuta, kwa sababu yake huanzia ndani kabisa ya nyonga. Kwa hiyo msitazamie kwamba siku goti litakapopona kabisa, goniometa itasoma nambari ileile ya kompyuta.

Hata hivyo, kuna jambo moja kwenye karatasi yenu ambalo kwangu mimi ni la thamani kubwa, nalo ni kwamba goti hilo bandia liliwahi kufika 126. Mgonjwa anaponijia akiwa amekwama 90 bila karatasi kama hiyo, huwa sijui kama kinachomzuia ni nyama zilizokaza au ni kiungo chenyewe kilichowekwa kikiwa kimebana mno tangu mwanzo. Kwa mama tunajua. Chuma na plastiki vinaruhusu. Kinachozuia ni kovu, uvimbe na misuli, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mazoezi huvifikia.

Sasa naomba msikilize sehemu hii kwa makini, kwa sababu muda unahusika. Kutembea kwenye tambarare kunahitaji goti likunjike kama nyuzi 60 hadi 70. Ngazi huhitaji karibu 90 au zaidi kidogo kulingana na urefu wa kidato. Kuinuka kwenye kigoda cha jikoni hupita 100, na kuchuchumaa chooni au kupiga goti kumwamkia mkubwa hupita 120 kwa mbali. Mama yuko ukingoni. Wapasuaji wengi hufikiria kulikunja goti mgonjwa akiwa kwenye ganzi iwapo katika kipindi cha wiki 6 hadi 12 bado halijavuka 90, na hatua hiyo hufaa zaidi kovu likiwa bado changa. Mama amevuka kidogo, kwa hiyo huenda hatahitaji, lakini mpelekeeni daktari wake taarifa ya nambari hizo sasa, msingoje miezi.

Mimi nyuzi 6 za kunyooka zinanipa wasiwasi kuliko hizo 92. Goti lisilonyooka humlazimisha mtu asimame kwa nguvu ya misuli ya paja muda wote, naye huchoka na kuchechemea. Mlazeni chali, mwekeeni taulo lililokunjwa chini ya kisigino ili goti libaki hewani, na alisukume goti chini kwa kukaza paja, akihesabu hadi tano, mara nyingi kwa siku. Msimwekee mto chini ya goti hata kama anasema unampa nafuu, maana nafuu hiyo ndiyo inayolifundisha goti kukaa limepinda. Na ikiwa shavu la mguu litavimba na kuuma, au kidonda kitatoa majimaji, au homa itapanda, hayo si ya mazoezi tena. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mwalimu wa Hisabati, Njombe

Mimi si mtu wa tiba, lakini swali la mstari unaopanda limenishika, kwa sababu lina jiometri ambayo hata wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wangeweza kuifuata.

Tazama mlango. Bawaba zake zikikaa wima sawasawa, mlango ukifunguka ncha yake ya chini hubaki kwenye kimo kilekile kutoka sakafuni. Bawaba zikiwa zimeinama kidogo, mlango uleule utapanda au kushuka kadiri unavyofunguka, ingawa mbao zake hazijapinda hata kidogo. Goti nalo lina bawaba, yaani mhimili unaopita kutoka upande mmoja wa fupa la paja hadi wa pili. Kompyuta haiujui mhimili huo mpaka daktari aguse zile nundu mbili za pembeni alizozitaja Fundi. Nundu hizo si ncha kali. Zina uso wa mviringo uliofunikwa na nyama, na kidole cha mtu mmoja hakitatua pale pale kilipotua cha mwingine.

Tuseme mhimili umeelekezwa vibaya kwa nyuzi 4 kwa kuzungushwa kwenye fupa la paja. Goti likiwa limenyooka, kosa hilo halionekani kwenye tege. Limejificha kwenye nambari ya mzunguko wa muundi. Goti linapoanza kukunjwa, kosa huanza kuvuja kuelekea kwenye tege, na kiasi kinachovuja ni nyuzi 4 zikizidishwa kwa saini (sine ya hisabati) ya pembe ya kukunja. Kwenye nyuzi 30, saini ni 0.5, kwa hiyo utaona tege la uongo la nyuzi 2. Kwenye 60 utaona karibu 3.5. Kwenye 90, kosa lote la nyuzi 4 limehamia kwenye tege. Mguu wenyewe haujapinda. Kilichopinda ni kipimo.

Mstari wenu unaanzia 1 na kufika 5, yaani umepanda nyuzi 4. Ningependa kujua unasoma ngapi kwenye 30 na kwenye 60. Zaidi ya hapo, mstari wa kabla ya upasuaji uko vipi? Alama ziliguswa mara moja tu, mwanzoni, na fremu hazikuhamishwa. Kwa hiyo kosa la mhimili, kama lipo, limo ndani ya mistari yote miwili kwa kiasi kilekile.

Daktari wa Mifupa, Nyanda za Juu

Nimefurahi kusoma majibu haya. Mwalimu amelieleza vizuri jambo ambalo madaktari wengi tulilipata kwa taabu, lakini ningeomba asilifunge mapema. Mstari unaopanda unaweza kuwa kosa la mhimili, na unaweza pia kuwa jambo la kweli. Goti la kawaida, hata la kijana mzima, hulegea zaidi upande wa nje linapokunjwa, kwa hiyo daktari anapolikunja huku paja limeinuliwa na mguu ukining'inia, muundi unaweza kuegemea kidogo upande wa tege bila ugonjwa wowote. Vilevile, kipande cha chuma cha paja kikiwekwa kikiwa kimezungushwa kidogo kuliko inavyofaa, pembe hubadilika kwa kweli goti linapokunjwa. Mstari mmoja peke yake hautenganishi sababu hizi tatu. Ndiyo maana swali la Mwalimu kuhusu mstari wa kabla ni swali zuri.

Naona inafaa wasomaji wajue kwa nini tunachukua vipimo hivi. Lengo halisi ni kuamua mambo wakati goti bado liko wazi. Kabla ya kukata, ninalikunja na kulinyoosha ili nijue nimeanza na nini, na kama tege linanyooka nikilisukuma kwa mkono au limeganda. Baada ya kukata, naweka vipande vya majaribio, ninalisukuma goti ndani na nje likiwa limenyooka, kisha likiwa kwenye nyuzi 90, na skrini inanionyesha kila upande umefunguka milimita ngapi. Ikiwa upande wa ndani unabana, naweza kulegeza nyama kidogo na kupima tena. Ikiwa pande zote zimelegea, nabadilisha plastiki kwa iliyo nene zaidi. Zamani tulifanya hayo kwa kuhisi tu. Mkono wa mpasuaji mzoefu unajua mengi, ila hauachi kumbukumbu, wala hauwezi kumwambia mwanafunzi aliye pembeni kwamba hapa ni milimita mbili na pale ni nne.

Elimu ya mwendo wenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Huko Ujerumani, ndugu wawili, Wilhelm na Eduard Weber, walieleza mwaka 1836 kwamba fupa la paja halizunguki juu ya muundi kama bawaba tu, bali hubingirika na kuteleza kwa pamoja. Tunajua pia kwamba goti linapokunjwa upande wa ndani hukaa karibu palepale, wakati upande wa nje husogea nyuma, na kwa hiyo muundi hujizungusha kuelekea ndani. Linaponyooka nyuzi za mwisho, hujizungusha kurudi nje na kujifunga, mithili ya kifuniko cha chupa kinachokazwa. Mwaka 1983 Grood na Suntay walipendekeza namna moja ya kuutaja mwendo huu wote kwa pembe tatu, yaani kukunja kwenye mhimili wa paja, kuzunguka kwenye mhimili wa muundi, na kupinda upande kwenye mhimili wa tatu unaoelea kati ya hiyo miwili. Vipimo vya mwendo wa goti vya leo kwa sehemu kubwa vinafuata lugha hiyo, na uvujaji alioueleza Mwalimu ni gharama yake. Upasuaji wa kwanza wa kubadilisha goti kwa kuongozwa na kompyuta ulifanyika Grenoble, Ufaransa, Januari 1997.

Lakini goti tunalolipima mezani ni goti lililolala. Halibebi uzito, ilhali kutembea tu hulibebesha mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Misuli haivuti. Mfuko wa kiungo umefunguliwa, na mara nyingi ule mfupa mdogo wa mbele uitwao pia ya goti umesogezwa pembeni, jambo ambalo peke yake hubadilisha jinsi muundi unavyozunguka. Mkono wangu ukisukuma kwa nguvu zaidi, nambari inabadilika. Mkono wa mwenzangu utatoa nambari nyingine. Kwa sababu hiyo mimi huwa sipendi karatasi hizi zikabidhiwe kwa mgonjwa bila maelezo. Ni kumbukumbu ya kazi ya fundi siku ya kazi, na familia huichukua kama ahadi.

Iwapo kuna atakayeuliza kama mfumo huu una faida, jibu langu ni kwamba kwa kuupanga mguu katika mstari wake, hasa kupunguza idadi ya miguu inayopishana na lengo kwa zaidi ya nyuzi 3, faida ipo na imeonekana mara nyingi. Takwimu za daftari la kitaifa la viungo bandia la Australia zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha marudio machache ya upasuaji kwa wagonjwa walio chini ya miaka 65. Katika maumivu na uwezo wa kutembea, tofauti imekuwa ngumu kuonekana. Na zile pini zina gharama zake: matundu yanaweza kuambukizwa, na kwa nadra mfupa huvunjika hapo. Sioni haya kutumia vyuma vya kawaida vya kuongozea pale ambapo kompyuta haipo, ila nikiwa nayo, naitumia kwa moyo wote.

Ndugu Mkinga, kilichobaki kwa goti la mama si hesabu. Daktari wake amshike mguu akiwa macho, alisukume goti pande zote mbili likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa. Likiwa imara, mstari huo usiwanyime usingizi.

Mkinga wa Isanga

Nimesoma yote mara mbili, na jana usiku nimemsomea mama kwa sauti, yeye akinisimamisha kila alipotaka kuuliza. Ule mfano wa mbuzi alicheka sana. Amesema sasa anajua kwa nini waliuzungusha mguu wake, kwani alikuwa na ganzi ya mgongoni na aliuona kivuli cha mguu ukienda huku na huko nyuma ya pazia.

Mwalimu, nimechukua rula na kuusoma mchoro kama ulivyoagiza. Mstari wa baada unasoma 1 kwenye sifuri, 3 kwenye nyuzi 30, karibu 4.5 kwenye 60, na 5 kwenye 90. Mstari wa kabla unasoma 9, 11, kasoro kidogo 12.5, na 13, ingawa unaanzia nyuzi 11 kwa kuwa goti halikunyooka, hivyo ile 9 ni ya hapo. Yaani ni mistari miwili inayopanda sambamba kama reli za TAZARA.

Daktari, tumefanya kama ulivyosema. Aliyemfanyia yuko mbali, lakini tumempata daktari wa mifupa hapa Mbeya aliyekubali kumtazama. Amelisukuma goti pande zote, limenyooka na limekunjwa, akasema limekaa imara na hakuna upande unaofunguka kupita kiasi. Kuhusu kukunja amesema tuendelee na mazoezi, na apimwe tena baada ya wiki mbili.

Mto tumeuondoa chini ya goti. Alikuwa analala nao kila usiku, na ni mimi niliyekuwa nikimwekea. Mjomba amesoma jibu la Mwanafizio, na leo asubuhi alikuja mwenyewe kumhesabia mama moja hadi tano.

Mwalimu wa Hisabati, Njombe

Nambari zako zinafuata saini kwa karibu, na mistari kwenda sambamba kunanielekeza kwenye mhimili. Hata hivyo nakubaliana na Daktari kwamba mkono wa aliyemchunguza mama una uzito kuliko mchoro wangu.

Mwanafizio wa Iringa

Nashukuru kwa mrejesho. Ombi moja: wiki mbili zijazo apimwe na mtu yuleyule, akiwa amelala chali kama mara ya kwanza, na kabla ya mazoezi, kwa sababu goti lililokwisha kuchangamshwa hukunjika zaidi kwa nyuzi kadhaa. Mwandike pembeni kama alijikunja mwenyewe au alisukumwa, maana nambari hizo mbili ni tofauti, na mara ya kwanza hukutuambia ile 92 ilikuwa ipi.

Mkinga wa Isanga

Nimemwuliza. Alijikunja mwenyewe.